Kigezo cha Tatu na Njia Isiyokwenda Mahali

Kwetu Chula, kisiwani, chombo hakichorwi. Mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo, unalazwa mchangani, omo na tezi zinasimamishwa, kisha fundi anatazama. Anatazama sana, anatema mate, anazunguka upande wa pili, anatazama tena. Kinachomsaidia jicho ni vigezo tu, vibao vyembamba vya msaji vilivyosuguliwa kwa ngozi ya samaki taa, kila kimoja na mpindo wake, vya kupimia taruma, yaani mbavu za chombo. Fundi wetu alikuwa navyo saba. Alivirithi kwa aliyemfundisha kazi, naye huyo alivirithi kwa mwingine. Kwa sababu ya vibao hivyo watu walikuwa wakikiona chombo chetu kwa mbali, wakasema kimetoka banda gani kabla hakijatia nanga.

Cha tatu ndicho kilichokuwa roho ya banda. Hicho ni cha tumbo. Urefu wake ni kama mkono wangu kutoka begani mpaka kwenye kifundo, na ukikishika huoni ajabu yoyote. Lakini chombo kilichopindwa kwa kigezo kile kilibeba mzigo mwingi na bado kikapita juu ya fungu la mchanga maji yakiwa machache. Mafundi wa Kismayu walijaribu kukiiga kwa macho wakashindwa.

Mimi na mwenzangu mmoja tulifanya kazi chini ya fundi huyo. Nilimwita ami kwa heshima, si kwa damu. Hakuwa na mtoto wa kiume. Siku moja tukipiga kalafati, kuziba nyufa za mbao kwa pamba, alisema, bila kuinua kichwa, kwamba mashua tuliyokuwa tunaiunda ikishuka majini, vigezo vitakuwa vyangu. Mwenzangu alisikia. Aliendelea na nyundo yake, lakini alikosa pigo moja. Ndivyo nilivyoandika siku ile kwenye daftari langu, kwa herufi zangu mbovu za chuo cha Kurani. Nikisoma sasa naona nimeandika kwa uhakika ambao sina. Huenda alikuwa anabadilisha mkono tu.

Mchezo wangu wenyewe ulianzia Kismayu, forodhani, miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa nimetumwa kuchukua misumari. Karani wa forodha alikuwa Mgoa, mtu mpole aliyezoea kutembelewa na wenye haja tu, kwa hiyo ukikaa naye kidogo zaidi ya haja yako alifurahi. Alinionyesha gazeti la picha lililomfikia kwa meli. Kwenye ukurasa mmoja kulikuwa na motakaa nyingi zinashindana. Motakaa nilikuwa nimeshaiona. Ilikuwa moja ya serikali pale mjini, na siku niliyoiona ilikuwa inasukumwa na askari wanne kutoka mchangani.

"Zinakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Haziendi mahali. Zinazunguka."

"Kisha?"

"Kisha zinazunguka tena. Itakayofika kwanza ndiyo mshindi."

"Kufika wapi?"

"Pale pale zilipotoka."

Nilimkazia macho nione kama ananicheka. Watu wa ofisini hupenda kumjaribu mtu wa visiwani waone atameza nini. Lakini picha ilikuwepo. Kwenye kona moja njia ilikuwa imeinuliwa upande wa nje kama ukuta uliolala, na motakaa zimeegama humo ndani wala hazianguki. Nilipouona ukuta ule sikuona njia. Niliona tumbo la chombo kutoka ndani, kabla ya kutiwa taruma za juu. Nilirudi Chula na misumari pungufu kwa sababu sikuikagua.

Tangu siku ile nikaanza kuchora viwanja vya motakaa. Sijui niseme kwa nini. Nilijua kabisa hakuna motakaa itakayokuja Chula, na ikija itazama mchangani hata kabla ya kufika kisimani. Nilichukua karatasi za kufungia sukari, nikazigandisha kwa uji wa unga wa ngano mpaka zikawa na ukubwa wa msala, nikachora kwa makaa, na njia yenyewe nikaitia ngeu nyekundu, ile ile tunayopakia uzi wa kupigia mistari kwenye mbao. Cha kwanza kilizunguka Chula yote, nikakikwepesha makaburi. Cha pili kilikuwa cha Kudha, kwa majirani zetu, kirefu na chembamba, chenye kona mbili kali ambazo ziliniudhi mwezi mzima. Cha Darakasi nilikifanya kwa kumbukumbu, maana sikuwa nimekanyaga kule tangu nilipomwoa mke wangu. Nilikuwa nimesikia kwamba motakaa hunywa maji, basi kila kiwanja nikakiwekea visima viwili, upande wa kivulini.

Tabu ilikuwa kona. Mkono wangu mtupu haukuweza kuzipinda sawa. Mchana mmoja, fundi amelala baada ya sala ya adhuhuri, nilikichukua kigezo cha tatu nikakilaza juu ya karatasi, nikafuatisha ukingo wake kwa makaa. Kona ikatoka safi kama imezaliwa. Sikuona kosa. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama moyo ulinidunda, na sikumbuki, jambo ambalo lenyewe linanitia shaka.

Hata hivyo mpindo wa kigezo haukunitosha. Nilitengeneza ukuta mdogo wa mchanga mbichi, nikaupinda kwa kigezo, nikabiringisha ndimu. Kila mara ndimu ilizunguka vizuri, kisha ikaruka nje pale mwisho, mahali ambapo mpindo wetu unakaza kuelekea mkuku. Nikapalegeza kwa vidole viwili. Ndimu ikatoka taratibu ikaenda zake. Basi kwenye karatasi zote nikaanza kupalegeza hivyo hivyo, vidole viwili mwishoni. Mpindo ule haukuwa wa fundi tena, wala haukuwa wangu peke yangu.

Karatasi moja, ile ya Kudha, nilimpelekea karani. Alicheka kwa furaha, akaipigilia ukutani nyuma ya meza yake kwa misumari minne midogo. Nilijisikia mtu mkubwa kwa muda wa kama siku tatu.

Nyumbani karatasi nilizikunja nikazitia chini ya kanda langu la nguo. Mke wangu akaziona. Alidhani, na ninampa haki yake, maana mistari myekundu iliyozunguka na visima vilivyotiwa alama ilionekana vibaya, kwamba ni talasimu niliyoandikiwa nipate mke wa pili. Hakuniuliza. Alianza kuangalia nikitoka ninaelekea upande gani. Mimi nami nikaona ananiangalia, nikadhani mtu amemtia maneno, na mtu huyo nikaamua kuwa ni mwenzangu wa bandani. Tukaishi hivyo majuma mengi, kila mmoja akimchunga mwingine. Nikaacha kula sahani moja na mwenzangu. Akinipa tezo nilitazama kwanza makali yake.

Mwisho mke wangu akaichukua karatasi ya Chula akaipeleka kwa mke wa fundi, wasomewe. Mke wa fundi hakuona talasimu. Alimwonyesha mumewe. Fundi alitazama, akaingia ndani, akatoka na kigezo cha tatu akakilaza juu ya kona. Hayo niliyajua baadaye. Asubuhi yake niliyoyajua ni kwamba kazi ilikuwa imesimama, fundi ameketi juu ya gogo, na karatasi yangu iko mchangani imebanwa kwa mawe.

"Keti," akasema.

Nikaketi. Mwenzangu alisimama nyuma yake akijipangusa mikono, wala mikono haikuwa na kitu.

"Hiki nini?"

"Ni njia, ami."

"Njia ya kwenda wapi?"

"Haiendi mahali. Inazunguka, inarudi ilipoanzia."

"Mchu mzima," fundi akasema, maana yeye mtu alimwita mchu, "ana mke, ana ndevu, anachora njia isiyokwenda mahali. Ya kupitia nini?"

"Motakaa."

Mwenzangu akapasuka kicheko. "Motakaa Chula! Itakuja kwa kuogelea, au tutaibeba kwa ngalawa?"

"Nyamaza wewe," fundi akamwambia, kisha akanigeukia. Alikilaza kigezo juu ya kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Tumbo langu liko hapa. Na hapa. Na hapa. Mchu akitaka kuiba nguo haikunji akaiandika jina la mwenyewe mara tatu. Kwa hiyo ama wewe ni mwizi mjinga, ama si mwizi. Nambie ni lipi."

"Si mwizi, ami. Ni mchezo."

"Basi tuuone mchezo."

Maji yalikuwa yametoka. Tukateremka wote pwani, na watu wawili watatu waliokuwa wanashona nyavu wakajitia kutufuata. Nikajenga ukuta wa mchanga, nikabiringisha ndimu. Ikazunguka, ikatoka vizuri. Fundi alipiga magoti, akaujenga ukuta mwingine kando ya wangu kwa kigezo chake, akaubonyeza kwa viganja kama anamlaza mtoto mchanga, akabiringisha ndimu ile ile. Ikaruka nje. Akarudia. Ikaruka. Akaangalia ukuta wangu kwa jicho lile lile la kutazamia chombo.

"Umepalegeza."

"Vidole viwili, ami. Hapo mwisho."

"Nani kakwambia?"

"Ndimu."

Watu wa nyavu wakacheka. Fundi hakucheka. Alipitisha kidole kwenye mpindo wangu mara mbili, kisha akaufuta kwa mguu.

"Haya. Ni mchezo," akasema. Halafu, tukiwa tunapanda, akauliza kwa sauti ya chini, nisikie mimi peke yangu: "Kuna mchu umempa karatasi kama hii?"

"Hakuna, ami," nikasema.

Hapa ndipo ninapokwama kila ninaposoma daftari. Siku ile niliandika: nimeulizwa, nimejibu, nimeokoka. Sikuandika kama nilimkumbuka karani. Ninaweza kuapa kwamba wakati ule nilikuwa nawaza mafundi, yaani mtu wa kazi yetu, na karani wa forodha si mtu wa kazi. Ninaweza pia kuapa kwamba picha ya ule ukuta wa ofisi ilinipita kichwani kama kivuli cha ndege. Viapo viwili haviwezi kuwa vya kweli vyote, na mimi ndiye shahidi pekee, tena shahidi mwenye haja.

Fundi akatangaza kwamba maneno yake yako pale pale, chombo kikishuka tutaona. Zamani hakusema tutaona. Tangu siku ile vigezo vikawa havilali bandani. Alivipeleka nyumbani jioni amevifunga kwa kitambaa na asubuhi akaja navyo kwapani. Sikumlaumu. Mwenzangu nilimlaumu sana, mpaka siku mke wangu aliponiambia mwenyewe, analia na kucheka, habari ya talasimu. Nikaenda kumwomba radhi mwenzangu. Akastaajabu.

"Kwani ulininunia?" akasema. "Mimi nilidhani unaumwa tumbo."

Sikujua kama anasema kweli au ananisetiri. Mpaka leo sijui.

Mashua ilibakia kupakwa sifa, mafuta yetu ya papa, na kutiwa tanga. Nikatumwa Kismayu kuleta kitambaa. Mji ulikuwa umebadilika: Mwingereza amekwenda zake, Mtaliana ameingia, bendera nyingine, askari wengine wanaouliza maswali yale yale. Nilikwenda forodhani kabla ya sokoni, na hilo pia naliandika, kwamba nilikwenda mbio. Kiti cha karani kilikuwa na mtu mwingine. Nilimuuliza habari za Mgoa, akasema ameondoka na wenziwe kwa meli. Nyuma ya meza, ukutani, palikuwa na matundu manne ya misumari na mraba mweupe kuliko ukuta wote.

"Palikuwa na karatasi hapo," nikasema.

"Sikuikuta," akajibu, na akanitazama kama mtu anayekusudia kuikumbuka sura yangu.

Ofisi ile ndiyo ambayo kila mwenye kuunda chombo lazima aingie kukiandikisha. Anasimama mbele ya meza ile ile, anasubiri zamu yake, na akisubiri hana pa kutazama ila ukutani. Nilitoka nje nikateremka ufukoni, kwenye banda la fundi mmoja wa mjini. Kulikuwa na mashua mpya imeegemezwa kwenye magogo, mbao bado nyeupe. Sikuhitaji kusogea. Lakini nilisogea, ili nisije nikamsingizia mtu kwa kuona kwa mbali. Nikapitisha kiganja kwenye tumbo. Lilikuwa letu mpaka karibu na mwisho, na pale mwisho, mahali ambapo letu linakaza, lilikuwa limelegezwa. Nikaweka vidole viwili. Vikakaa.

Fundi wa mjini angeiga kwa macho chombo chetu kilichoko majini, angepata mpindo unaokaza. Ulegevu ule ulikuwa kwenye ndimu, na mchangani ulikokwishafutwa, na kwenye karatasi zangu. Hata hivyo nataka kusema lililo sawa: fundi anaweza kukosea mkono, na kosa lake likafanana na langu. Nimeona watoto wa baba tofauti wanaofanana kuliko ndugu. Nilisimama pale nikijitetea hivyo, mpaka mwenye banda akatoka.

"Unapenda?" akaniuliza.

"Imeundwa vizuri."

"Watu wa Chula hamsifu chombo cha mtu bure," akasema akicheka. "Unataka nini?"

Nikamwambia sitaki kitu. Kitambaa cha tanga nilinunua bila kukikagua, na hilo lilikuwa kosa la pili la aina moja.

Safarini kurudi nilikuwa na hesabu rahisi. Mashua yetu itashuka baada ya siku chache. Nikinyamaza, vigezo ni vyangu. Karani hayupo, karatasi haipo, na fundi wetu miguu yake ilikuwa imeshakataa safari za Kismayu. Hakuna ambaye angejua. Kilichonisumbua si wema, nisijipambe. Kilichonisumbua ni kwamba ningekuwa kila siku nakishika kigezo cha tatu nikijua kwamba siri yake haimo tena, na nikimwangalia kila mtu anayeingia bandani nione kama na yeye anajua. Nilikuwa nimeshaonja maisha ya kuchungana, nikachoka.

Nilimkuta fundi anapaka sifa chini ya mashua, mwenzangu upande wa pili. Nikamwambia yote, mwenzangu anasikia. Karani, karatasi, ukuta, matundu manne, mashua ya mjini.

Fundi aliendelea kupaka mpaka kitambaa kikakauka.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza, ami."

"Ulisahau, au ulinificha?"

"Sijui."

"Ungesema ulisahau ningekuamini."

"Ndiyo, ami. Lakini sijui."

Alinitazama. Lilikuwa jicho la kutazamia chombo, nami nikahisi anatafuta mahali nilipopinda vibaya. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Ile ya mjini, inakwendaje?"

"Haijashuka bado."

"Hm," akasema. Akachovya kitambaa. "Vigezo atachukua mwenzako. Wewe baki na makaa yako."

Mwenzangu alikuwa upande wa pili anapaka. Safari hii nina hakika, maana nilikuwa nasikiliza: kitambaa chake kiliendelea kusugua, hakikukosa hata mara moja. Nilitafuta katika hilo dalili ya kwamba alishajua, nikaona ninaanza tena, nikaacha. Au nilijaribu kuacha.

Nimelipima jambo hili pande zote. Ningekuwa fundi ningefanya vile vile, labda ningefanya zaidi, ningenifukuza. Yeye alinibakiza. Mashua ikashuka, mwenzangu akapokea vibao saba vimefungwa kwa kitambaa, akavihesabu mbele yetu kwa sauti. Tangu hapo kila tunapoanza chombo kipya huvihesabu tena kwa sauti, nami nipo. Hanitazami anapohesabu. Sijui kama ni kwa adabu.

Sikuacha kuchora viwanja, ila karatasi nimeziacha, nachora mchangani. Siku ile mashua ya Kismayu ilipopita mbele ya Chula kwa mara ya kwanza, imejaa mzigo mpaka ukingoni na bado inakwenda wepesi kuliko zetu, sote tulisimama bandani tukaiangalia mpaka ikapotea. Alasiri mwenzangu akanifuata pwani, nilipokuwa naizungusha njia ya Darakasi kwa kidole cha mguu.

"Ndugu yangu," akasema, "ule mpindo wako. Wa ndimu. Nionyeshe."

"Wa nini?"

"Mchezo tu."

Nilimwangalia usoni nisione kitu. Huenda kweli ni mchezo. Huenda anataka kuuchonga uwe kigezo cha nane. Huenda fundi amemtuma anijaribu kama bado naugawa. Nikapiga magoti nikamjengea ukuta, nikalegeza vidole viwili mwishoni, akabiringisha ndimu yake mara tatu akiinamia karibu sana na mchanga. Kisha akaniaga akaenda.

Ukuta ule nilikuwa nimeujenga chini ya mstari wa maji kujaa. Nikabaki pale nimesimama mpaka yakaja yakaufuta.